Mwongozo Kamili: Kupata Tiketi ya Kwenda Nyumbani kwa Pointi za Kadi ya Mkopo Ukiwa Marekani

Mwongozo huu ni wa wasomaji wanaoishi Marekani na wenye kipato cha kawaida, ambao wangependa chakula, mafuta ya gari na bima wanavyolipia kila mwezi viwasaidie kugharimia safari ya Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe au Bujumbura. Maswali yanayoletwa kuhusu jambo hili hufanana mno. Mtu amekusanya pointi kwa miaka miwili, lakini akitafuta kiti cha Desemba hakioni, au anakiona kinadai pointi laki tatu. Mwingine amepata tiketi, kisha akipiga hesabu anagundua kwamba riba aliyoilipa benki ingetosha kununua tiketi ile ile.

Chanzo cha kushindwa, mara nyingi, ni kuanza na kadi. Mtu huona tangazo, huomba kadi, hukusanya pointi, halafu ndipo hujiuliza zitampeleka wapi. Mpangilio wa hapa umegeuzwa kwa makusudi: safari hutangulia, hufuata mpango wa maili (yaani pointi za shirika la ndege lenyewe), kisha benki, na kadi huja mwisho.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Namba ya Social Security au ITIN, yaani namba ya mlipakodi kwa asiye na Social Security. Baadhi ya benki hupokea maombi yenye ITIN.
- Ripoti zako za mikopo kutoka Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo, ambazo hutolewa bure kupitia tovuti ya AnnualCreditReport.com.
- Alama zako za mkopo. Alama za FICO, mfumo unaotumiwa na benki nyingi, huanzia 300 hadi 850, na kadi nyingi za safari zinahitaji takriban 700 au zaidi.
- Akaunti ya benki ya kulipia kadi, yenye akiba ya angalau mwezi mmoja wa matumizi.
- Orodha ya matumizi ya miezi mitatu iliyopita, iliyopangwa kwa mafungu.
- Pasipoti, yako na ya kila atakayesafiri, kwa sababu ya tahajia ya majina.

Hatua ya 1: Hakikisha hudaiwi riba

Ikiwa una deni la kadi linalovuka mwezi, simama hapa. Tuseme unadaiwa dola 3,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, ambayo si riba ya ajabu kwa kadi za Marekani. Riba ya mwezi mmoja ni karibu dola 60. Ununuzi huo wa dola 3,000, kwa kadi inayotoa pointi 2 kwa kila dola, ulikupa pointi 6,000, ambazo hata ukizitumia vizuri zina thamani ya dola 90 hivi. Kwa hiyo mwezi mmoja na nusu wa riba umekwisha kula faida yote.

Hasara haiishii hapo. Ukibakiza deni, kwa kawaida unapoteza ile nafasi ya kununua leo na kulipa baadaye bila riba, na kila kitu kipya unachonunua huanza kutozwa riba siku hiyo hiyo. Lipa deni lote kwanza, hata kama itachukua mwaka.

Ambaye hana historia yoyote ya mkopo naye asikimbilie kadi za safari. Aanze na kadi ya dhamana, ambayo mara nyingi huhitaji amana ya dola 200 hivi, atumie sehemu ndogo ya kikomo chake cha mkopo na kulipa yote kila mwezi. Historia ya kulipa kwa wakati hubeba asilimia 35 ya alama za FICO, na kiasi unachodaiwa hubeba asilimia 30, kwa hiyo mambo hayo mawili tu yana uzito kuliko mengine yote yakijumlishwa.

Uko tayari kuendelea iwapo taarifa zako tatu za mwisho za kadi (zile ambazo benki hutuma kila mwezi) zinaonyesha riba ya dola sifuri, na ripoti zako hazina akaunti usiyoijua.

Hatua ya 2: Andika safari yenyewe

Andika kwenye karatasi mji wa kuondokea, mji wa kufikia, idadi ya wasafiri, mwezi, na siku ngapi mnaweza kusogeza tarehe mbele au nyuma. Familia ya watu watano yenye watoto wa shule, inayolazimika kusafiri wiki ya mwisho ya Juni, ina kazi tofauti kabisa na kijana anayeweza kuondoka Februari.

Nasema haya bila kuficha: viti vitano vya pointi katika ndege moja ya Desemba ni vigumu kupatikana, na anayevitegemea ataumia. Mpango wa busara kwa familia kubwa ni kulenga tiketi mbili za pointi na kulipia nyingine kwa fedha, au kugawana katika ndege mbili, mzazi mmoja na watoto wawili huku, mwingine na aliyebaki kule.

Hatua ya 3: Chagua mpango wa maili, kisha benki inayoufikia

Mashirika ya ndege yamejipanga katika miungano, na maili za shirika moja hununua viti vya mashirika wenzake. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kudhani kwamba ili kupanda Ethiopian ni lazima wawe na maili za Ethiopian.

Kwa safari za Afrika Mashariki, njia tatu zinatosha kuzijua.

Ya kwanza ni Aeroplan, mpango wa Air Canada, ulio katika muungano wa Star Alliance. Huu unaweza kukatia tiketi ya Ethiopian Airlines, ambayo huondokea miji kama Washington, Newark na Chicago hadi Addis Ababa, kisha husambaa hadi Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar, Nairobi, Mombasa, Entebbe, Kigali na Bujumbura. Uzuri wake mkubwa ni kwamba Aeroplan haimtwishi msafiri tozo za ziada za shirika la ndege; unalipa kodi halisi na ada ndogo ya kukata tiketi ya shirika mshirika.

Ya pili ni Flying Blue ya Air France na KLM. KLM huruka kutoka Amsterdam hadi Nairobi, Entebbe, Kigali, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Kenya Airways nayo imo katika muungano huo huo wa SkyTeam, na ina ndege ya moja kwa moja kati ya New York na Nairobi iliyoanza Oktoba 2018. Flying Blue hutangaza punguzo la pointi kila mwezi kwa baadhi ya njia, lakini hutoza tozo za shirika, kwa hiyo soma kiasi cha dola kilicho pembeni ya pointi.

Ya tatu ni Avios, jina la pointi zinazotumiwa na Qatar Airways na British Airways. Qatar hupitia Doha na hufika Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Entebbe na Kigali. Angalizo ni kwamba ukikatia ndege ya British Airways yenyewe, tozo zinaweza kufikia mamia ya dola kwa tiketi unayodhani ni ya bure.

Air Tanzania haimo katika muungano wowote kati ya hii. Anayekwenda Mwanza, Mbeya au Songwe apange kulipia kipande hicho cha mwisho kwa fedha, na aache saa za kutosha za kubadilisha ndege, kwa kuwa tiketi hizo mbili hazijuani na shirika la pili halitamsubiri.

Sasa rudi kwa benki. Chase, American Express na Capital One zote huhamisha pointi kwenda Aeroplan na Flying Blue, pointi moja kwa maili moja. Citi nayo huhamisha kwenda Flying Blue. Hii ndiyo sababu napendelea pointi za benki kuliko kadi yenye nembo ya shirika moja la ndege: njia moja ikikosa kiti, unageukia nyingine bila kuanza upya.

Hatua hii imekamilika unapoweza kusema kwa sentensi moja: "Nitakusanya pointi za benki fulani, nizihamishie Aeroplan, nipande Ethiopian kutoka Chicago hadi Kilimanjaro."

Hatua ya 4: Omba kadi moja, kwa wakati wake

Kadi mbili za kuanzia ambazo hazimchoshi mtu ni Chase Sapphire Preferred na Capital One Venture, kila moja ikiwa na ada ya dola 95 kwa mwaka. Ya Chase hutoa pointi 3 kwa dola kwenye mikahawa na 1 kwenye mambo mengi ya kawaida. Ya Capital One hutoa maili 2 kwa kila dola, popote. Kadi ya American Express Gold hutoa 4 kwenye supamaketi za Marekani na mikahawa, lakini ada yake ni dola 325. Marejesho ya fedha inayojivunia hutolewa kwa vipande vidogo vya kila mwezi ambavyo watu wengi husahau kuvitumia, kwa hiyo simshauri anayeanza.

Kipaumbele ni bonasi ya kukaribisha, yaani pointi ambazo mteja mpya hupewa akishatumia kiasi fulani cha fedha. Chukua kaya inayotumia dola 2,000 kwa mwezi: supamaketi 800, mafuta 250, bima ya gari 200, simu na intaneti 150, mikahawa 200, mengineyo 400. Kwa maili 2 kwa kila dola, mwaka mzima unaleta maili 48,000. Bonasi ya Venture, kwa muda mrefu, imekuwa maili 75,000 kwa atakayetumia dola 4,000 ndani ya miezi 3, yaani miezi miwili tu ya matumizi ya kaya hiyo. Bonasi moja inazidi mwaka wa ununuzi. Soma masharti ya siku unayoomba, maana viwango hivi hubadilishwa.

Mpangilio wa maombi nao una maana. Chase inajulikana kuwakataa walioidhinishiwa kadi 5 au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24, kwa hiyo anayezitaka kadi zake aanze nazo. American Express kwa kawaida hutoa bonasi ya kadi fulani mara moja tu kwa mtu, basi usiichukue siku ambayo bonasi iko chini.

Wanandoa wasiombe pamoja. Mmoja aombe, amalize bonasi, kisha amwalike mwenzake kwa kiungo chake cha mwaliko. Mara nyingi mwalikaji hupewa pointi, na mwalikwa hupata bonasi yake kamili. Kumwongeza mke au mume kama mtumiaji wa ziada kwenye kadi yako ni rahisi zaidi, lakini hakuleti bonasi ya pili.

Usiombe kadi yoyote kama ndani ya miezi 6 unatarajia kuomba mkopo wa nyumba. Punguzo dogo la riba ya nyumba linazidi tiketi nyingi za ndege.

Hatua ya 5: Panga malipo kabla ya kununua chochote

Siku kadi inapofika, ingia kwenye akaunti na uweke malipo ya kiotomatiki ya salio lote la taarifa ya mwezi. Kwenye ukurasa huo kuna machaguo matatu: kima cha chini, salio lote la taarifa, au kiasi unachopanga mwenyewe. Wengi huacha kwenye kima cha chini kwa kudhani wamelipa, nao hugundua miezi mitatu baadaye kwamba riba imekuwa ikitambaa.

Sheria ya Marekani inaitaka benki ikupe angalau siku 21 kati ya kutumiwa taarifa na tarehe ya mwisho ya kulipa. Muda huo ndio unaokuwezesha kupata pointi bila gharama, na ukiutumia vibaya mpango mzima hugeuka mkopo wa gharama kubwa.

Hatua ya 6: Timiza bonasi bila kuongeza matumizi

Benki nyingi huhesabu miezi 3 kuanzia siku ulipokubaliwa, wala si siku kadi ilipofika kwa posta. Andika tarehe ya kukubaliwa na ujiwekee mwisho wako wiki mbili kabla. Ada ya mwaka na fedha taslimu unazotoa kwa kadi hazihesabiwi, na bidhaa utakayoirudisha dukani hupunguzwa kwenye jumla yako.

Hamishia kwenye kadi mpya bima, simu, intaneti, petroli na chakula. Bima ya gari ukiilipa ya miezi 6 kwa mkupuo mara nyingi hupata punguzo pia. Kodi ya nyumba iangalie kwa makini: mifumo mingi ya kulipia hutoza asilimia 2.5 hadi 3, ambayo inavumilika kwa mwezi mmoja ukikaribia kuikosa bonasi, lakini haivumiliki kama mazoea.

Jamii zetu zina fursa ambayo vitabu vya Wamarekani haviitaji, nayo ni shughuli. Mweka hazina wa kamati ya harusi au ya msiba anaweza kulipia ukumbi na chakula kwa kadi yake, kisha michango ikaingia kwenye akaunti yake. Kamati ijue na ikubali, na fedha ziwe mkononi kabla ya kadi kuguswa. Ahadi ya mchango si mchango, na benki haitasikiliza habari za shemeji aliyesema atatuma Ijumaa.

Onyo kubwa la mwongozo huu ni hili: usitume fedha nyumbani kwa kadi ya mkopo. Programu za kutuma fedha kwenda M-Pesa au benki hukubali kadi hizo, lakini benki nyingi huchukulia malipo hayo kama kutoa fedha taslimu. Utatozwa ada, kwa kawaida karibu asilimia 5, riba itaanza siku hiyo hiyo, na hutapata pointi hata moja. Tumia kadi ya benki ya kawaida (debit) au akaunti yako moja kwa moja. Mchezo na upatu nao uachie fedha taslimu.

Utajua umefaulu pale bonasi inapoonekana kwenye akaunti, kwa kawaida muda mfupi baada ya taarifa ya mwezi uliotimiza kiwango.

Hatua ya 7: Jua duka linahesabiwa kama nini

Kadi zenye pointi nyingi za "supamaketi" haziangalii ulichonunua. Huangalia namba ya aina ya biashara ambayo duka limesajiliwa nayo kwenye mtandao wa malipo. Walmart na Target kwa kawaida hazihesabiwi kama supamaketi, hata ukinunua unga na mafuta ya kupikia peke yake. Costco huhesabiwa kama ghala la wanachama, na kwa kadi za mkopo hupokea Visa tu. Duka la halali au la vyakula vya Kiafrika linaweza kusajiliwa kwa namna yoyote ile.

Njia ya kujua ni kununua kitu kidogo, kusubiri siku chache, kisha kufungua maelezo ya muamala kwenye programu ya benki. Anayeona usumbufu huu haumfai abaki na kadi inayotoa 2 kila mahali. Tofauti kwa mwaka ni ndogo kuliko inavyotangazwa.

Hatua ya 8: Tafuta kiti kabla ya kuhamisha pointi

Fungua akaunti ya Aeroplan na ya Flying Blue mapema, bure, na uandike jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Wengi wetu tuna majina matatu ambayo benki iliyafupisha kuwa mawili, au jina la baba lilihamia nafasi ya jina la ukoo siku ya kuandikishwa. Jina la benki na la akaunti ya maili yasipolingana, uhamisho unaweza kukwama, na jina la tiketi lisipolingana na pasipoti, utakwama uwanjani. Rekebisha hayo mapema, kwa sababu huchukua wiki.

Viti hufunguliwa takriban siku 330 hadi 360 kabla ya safari. Kwa Desemba, anza kutafuta Januari. Tafuta kiti kimoja kimoja kwanza, safari ya kwenda peke yake na ya kurudi peke yake, kwani mfumo ukiombwa viti vitatu na vikawapo viwili hukujibu kwamba hakuna. Jaribu pia kuondokea mji mwingine: anayeishi Columbus au Minneapolis anaweza kukosa kiti kutoka kwake na kukipata kutoka Chicago.

Ukikiona kiti, pima thamani yake. Chukua bei ya tiketi hiyo kwa fedha, toa kodi na tozo utakazolipa, kisha gawanya kwa pointi. Kwa mfano, tiketi ya dola 1,600 inayodai pointi 70,000 na dola 220 inakupa dola 1,380 kwa pointi 70,000, karibu senti 2 kwa pointi. Hapo kata. Ikishuka chini ya senti 1.2, lipa fedha na utunze pointi.

Hatua ya 9: Hamisha na ukate tiketi siku hiyo hiyo

Uhamisho hauna kurudi. Pointi zikishaingia Aeroplan haziwezi kurejea Chase, na huko zinaweza kufa: za Aeroplan hufutwa baada ya miezi 18 bila shughuli yoyote, ilhali za benki hizo hukaa muda wote akaunti ikiwa wazi. Kwa sababu hiyo usihamishe "ili ziwe tayari", na hamisha zile zinazohitajika tu.

Fungua kiti kwenye dirisha moja na benki kwenye jingine, hakiki tena kwamba kiti bado kipo, hamisha, kisha kata. Unaweza kumkatia mzazi au mtoto kutoka akaunti yako. Si lazima kila msafiri awe na maili zake. Lipia kodi kwa kadi ile ile ya safari, kwa kuwa nyingi zina bima ya kuchelewa kwa ndege au mizigo.

Umekamilisha unapokuwa na namba ya tiketi ya tarakimu 13. Namba fupi ya herufi 6 peke yake haithibitishi kwamba tiketi imetolewa. Ingiza herufi hizo kwenye tovuti ya shirika linalorusha ndege, na kama safari haionekani ndani ya siku moja, piga simu.

Hatua ya 10: Amua kuhusu ada ya mwaka wa pili

Weka kikumbusho mwezi mmoja kabla ya kadi kutimiza mwaka. Piga simu benki uulize kama kuna ofa ya kukushawishi ubaki na kadi. Isipokuwapo, na kama hupangi safari nyingine karibuni, omba kadi ibadilishwe kuwa ya benki hiyo hiyo isiyo na ada, ili umri wa akaunti uendelee kuhesabiwa kwenye alama zako. Kabla ya kuibadilisha, uliza mambo mawili: je, pointi zilizobaki zitahamia kwenye kadi mpya, na je, kadi hiyo inaruhusu kuhamishia mashirika ya ndege? Kwa Chase, kadi zisizo na ada peke yake haziruhusu, kwa hiyo zilizobaki zihamishe au zitumie kabla hujasema "ndiyo" kwenye simu hiyo.